Bruce Lee ya 1984 bado tamu sana

Nimeirudia Bruce Lee, ile gemu ya kampuni ya Datasoft ya mwaka 1984, nimeicheza kwa emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani) ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya zama zile, na kwakweli inayashinda magemu mengi ya zama zile ambayo watu tunayasifia kwa sababu tu ya utoto.

Ukiiangalia juujuu haina mambo mengi. Unapita vyumba 20 kumtafuta mchawi, unakusanya kandili, ukizimaliza njia inafunguka, unasonga. Joistiki moja na kitufe kimoja basi. Ukisimama ukabonyeza anapiga ngumi, ukibonyeza huku unakimbia anaruka na lile teke lake, na lile teke jamani, Bruce Lee mwenyewe alishafariki tangu 1973 lakini Ron Fortier aliyeitengeneza hii gemu alimpatia kabisa, vidoti vichache tu ila ukimuona unajua huyu ni yeye.

Ila utamu wenyewe uko kwa wale wawili wanaokukimbiza. Kuna Ninja mwenye upanga wa mbao na kuna Yamo, lipande la mtu, mwili wa mcheza sumo, rangi ya kijani. Hawa hawaishi, ukiwaangusha baada ya muda mfupi hao wamerudi. Lakini cheche za umeme na mitego mingine inawapata na wao, na wakikosea shabaha wanatwangana wenyewe kwa wenyewe! Kwahiyo mara nyingi huna haja ya kupigana, unajiweka katikati yao, unasubiri Ninja anyanyue upanga, unahepa, Yamo anakula kipigo chako, wewe unaenda zako kuchukua kandili. Gemu ngapi za leo zenye maadui kibao zinakupa nafasi ya kucheza na akili namna hiyo?

Halafu mtu wa pili anaweza kumchukua Yamo. Tena akizubaa kidogo kompyuta inamshika Yamo mpaka mwenyewe ashtuke. Nilimpa mdogo wangu, yeye ni wa PlayStation tangu azaliwe, akagoma kabisa kuniachia Yamo, kazi yake kunivizia kwenye ngazi.

Ni fupi, hilo nakubali, ukishazijua njia unaimaliza kwa kukaa mara moja. Ukiitafuta chukua ile ya Commodore au ile ya kompyuta za Atari, na tafadhali usiicheze peke yako, ita mtu umpe Yamo.