Mstari wa Nane

Mdogo wangu alipofiwa na mwanawe wa miezi mitano, nilimwendea na kikaratasi cha mistari saba ya faraja. Nilikuwa nimeiandika usiku, nikiamini kabisa kwamba mmojawapo utamtuliza.

Nilimkuta ameketi sakafuni, sweta ya mtoto mapajani. Alikuwa anafunga vifungo vyake kimoja kimoja hadi juu, anavifungua vyote, anaanza tena. Nikaketi kando yake, nikafungua Wakorintho wa Pili 1, nikasoma mstari wa 3 na wa 4: Mungu wa faraja yote, atufarijiye katika dhiki zetu zote. Nikafunika Biblia, nikangoja.

Akaichukua mikononi mwangu. Alipekua bila haraka mpaka Yeremia 31:15, akaweka kidole.

"Soma na hapa, dada."

Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako.

Nami nikamrukia na mstari wa 16, palepale Bwana anapomwambia Raheli azuie sauti yake isilie. Nilidhani nimemjibu. Hakuinua hata macho.

"Mathayo mbona hakuendelea?"

Nilirudi kwangu na swali hilo. Mathayo 2:18, kweli: Herode amewaua watoto wa Bethlehemu, Mathayo anamnukuu Yeremia, na anakomea kwenye "kwa kuwa hawako". Mstari unaofuata haugusi. Kumbe nilichomfanyia mdogo wangu, kumharakisha kwenda mstari wa 16 kaburi likiwa bado bichi, mwinjilisti mwenyewe hakukifanya.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifika Zaburi 77, zaburi niliyoisoma miaka na miaka, nikakwama mstari wa 2. "Nafsi yangu ilikataa kufarijika," anasema mtu huyo, na katika mstari uo huo anamtafuta Bwana, mkono wake umenyoshwa usiku, haulegei. Siku zote nilikuwa nimehesabu kukataa faraja kuwa ni kumpa Mungu kisogo. Nilikuwa nimewahukumu watu wangapi waliofiwa kwa kosa hilo? Nililia, na sikulia kwa ajili ya mtoto peke yake.

Kesho yake nilikwenda bila kikaratasi. Na kesho kutwa. Rafiki za Ayubu waliketi naye siku saba hawajasema neno, na katika kitabu kile sioni walipofanya vizuri kuliko hapo. Alipofunga vifungo nilitazama. Alipolia nililia.

Zilipita wiki kadhaa. Jioni moja akasema, "Soma kile chako cha Wakorintho."

Safari hii sikuishia wa 4. Nilisoma mpaka wa 8, pale Paulo yule yule anaposimulia dhiki iliyowapata Asia, walivyolemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.