Kikombe cha wiki ya nne

Jana maziwa yalifurika, yakaungulia kwenye jiko, harufu ikajaa nyumba nzima. Binti yangu akauliza, "Mama, mbona maziwa yakichemka unatoka nje?" Ana miaka saba. Nikamjibu moshi unaniumiza macho.

Alikuwa na wiki sita. Bibi yake alitoka Moshi kuja kunitunza mzazi: mtori wa maziwa, uji wa maziwa, chai ya maziwa, ili nipate ya kumnyonyesha. Mtoto analia kila akinyonya. Watu wakasema chango. Asubuhi moja nikaona damu kwenye nepi, ndani ya ute, nyembamba kama uzi wa kushonea.

Zahanati walitupa dawa ya kuhara damu. Haikusaidia. Daktari wa watoto alimpima uzito, ukawa mzuri, akamkagua kama ana mchubuko kwenye njia ya haja kubwa, kisha akanigeukia: "Wewe mama unakula nini?" Protini ya maziwa ya ng'ombe, akasema, hupita kwenye maziwa ya mama, na mzio wa aina hii hauonekani kwa kupima damu. Niendelee kunyonyesha, ila niache maziwa yote, hata ya mbuzi, maana protini zake zinafanana. Baada ya wiki nne niyarudie, tuone.

Wiki ya pili haikuisha, nepi zikawa safi. Kuyarudia ndiko kulikonishinda. Kikombe kilikuwa mezani, utando umeshajikunja juu, mtoto amelala mapajani mwangu, hana analojua. Mama mkwe ameketi mbele yangu. "Kunywa, mwanangu, tujue." Nilikunywa kile kikombe macho yakiwa kwa mtoto.

Siku ya tatu uzi ule ukarudi. Mama akaichukua nepi mkononi mwangu, akaipeleka dirishani, akaitazama muda mrefu. Hakunirudishia, alikwenda kuifua mwenyewe. Akiwa ameinamia beseni nikamsikia, "Kumbe ni mimi."

"Hapana, mama. Nani angejua?"

Hakujibu.

Najua bila kikombe kile tungekuwa tunabahatisha tu. Lakini nilimnyonyesha mwanangu nikijua kitakachompata, na sijapata pa kuliweka hilo.

Alipotimiza mwaka, daktari alituelekeza kumrudishia maziwa kidogo kidogo, akayamudu. Leo anamaliza kikombe. Bibi yake akija bado hupika mtori sufuria mbili, moja haina maziwa, na ndiyo anayonipakulia mimi. Naipokea kwa mikono miwili, nakula yote.