Ghala la pamba Igogo, Mwanza, sasa ni ofisi, na halina ukuta wa vioo

Kila aliyepita pale alinipa ushauri uleule: bomoa, au ziba kila tundu ufunge viyoyozi. Nilikasirika. Ghala lilijengwa kubeba robota za pamba zilizosubiri treni: sakafu ya zege nene, kenchi za chuma, paa juu kabisa. Unabomoaje kitu kama hicho?

Mkandarasi wa kwanza alitaka ukuta wote unaotazama ziwa uwe vioo, eti ndiyo ofisi ya kisasa. Ukuta huo uko magharibi. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la alasiri linaupiga mwaka mzima. Nikamwambia aweke kioo kwenye dirisha moja, tukae ndani tuone. Ilipofika saa kumi, mhandisi wake alisogeza kiti, kisha akahamia upande wa pili. Vioo vikaishia hapo. Fedha ya vioo hivyo ililipia karibu ghorofa yote ya kati, ile ya ndani kati ya sakafu na paa.

Wakataka pia kuziba kile kipaa kidogo cha hewa kilicho mgongoni mwa paa. Hapa ndipo ninapojivunia. Nilijaza karai pumba za mpunga, nikaziwasha mchana katikati ya sakafu tupu na kufungua milango ya upande wa ziwa. Moshi ulisita kidogo, ukainuka, ukapita katikati ya kenchi na kutokea kwenye kipaa kama unaovutwa na kamba. Tukafunga milango: moshi ukatanda hadi usawa wa vichwa, tukakimbilia nje. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, ndiyo maana upepo hutoka ziwani. Waliojenga ghala walilijua hilo. Hakuna aliyetaja tena kuziba.

Ukuta wa magharibi tukaujenga kwa matofali ya matundu: upepo unapita, jua linakatwa. Chini ya mabati tuliweka tabaka la kuzuia joto, na mvua nayo haipigi kelele tena. Dari ya jipsamu iko vyumba vya mikutano tu. Huko, na kwenye chumba cha mitambo ya kompyuta, ndiko kwenye viyoyozi. Kama paa lako ni la asbesto, fundi wa mtaani asiliguse, tafuta wataalamu.

Na usisahau wavu mwembamba nyuma ya matofali. Wadudu wa ziwani huja makundi kwa makundi wakifuata mwanga, kwa hiyo taa za nje ziweke mbali na ukuta huo, na wavu uwe wa kufunguka ili uoshwe.