Ukili wa Uzi Mweupe

Mwaka 2011, msimu wa kusi, nyumba ya jirani yetu hapa Mkomani ilipangwa na mama mmoja kutoka Slovenia. Siku ya pili nilimkuta barazani na mto mnene wa mviringo, mrefu kama gogo, umelazwa ndani ya kikapu. Juu ya mto pini tele, na kwenye pini vijiti vinaning'inia, kila kimoja kimezungushiwa uzi mweupe. Nilisikia vijiti vikigongana kabla sijaelewa anachofanya. Alikuwa anatengeneza lesi. Maisha yangu yote nilijua lesi hutoka kiwandani, ukapimiwa dukani kwa mita.

Mimi nashona kofia za vito, yaani za vitundu vilivyodariziwa, tangu utotoni; nikikiona kitundu kizuri kwenye kitambaa siwezi kupita. Nikamwomba anifundishe.

Alianza na mtindo wa Torchon. Jozi mbili, nyuzi nne. Kuvusha: uzi wa pili unapita juu ya wa tatu. Kusokota: katika kila jozi, wa kulia unapita juu ya wa kushoto. Lesi yote ya vijiti imejengwa kwa hayo mawili. Mitindo inatofautiana kwa namna unavyoyapanga. Torchon inafuata vitundu vilivyotobolewa kwenye karatasi kwa miraba, nyuzi zinakwenda mshazari, na upana wote wa lesi unashuka pamoja. Vijiti 24 mbele yangu! Siku tatu za mwanzo nilifumua zaidi kuliko nilivyofuma.

Pini zake za shaba hazikututosha, nikaenda kununua za chuma. Kisha ikaja arusi ya binamu yangu, nikaiacha kazi dirishani wiki nzima. Kusi inavyopuliza hapa, chumvi haibakizi kitu. Niliporudi na kuzichomoa, kila pini ilikuwa imeacha doa la kutu kwenye uzi. Nililia kweli. Mwalimu wangu akaichukua ile lesi, akaitazama, akanipa pini zake za shaba zote.

Baada ya hapo akanionyesha mtindo wa kwao, wa mji wa Idrija, ambako shule ya lesi ipo tangu 1876. Akanipa jozi sita tu, nikadhani utakuwa rahisi. Huku hufumi upana wote. Unafuma utepe mwembamba, unaupindapinda ufuate mchoro wa ua au jani, na pale utepe unapojirudia ubavuni mwake unauunganisha hapo hapo kwa sindano ya kroshia. Kufuma nilifuma. Kuunganisha ndiko kulikonishinda. Niliuona ule utepe unakwenda tu, sioni utakavyokuwa kitu kimoja.

Nyanya alikuwa pembeni, anasuka ukili wa miyaa kama kila alasiri. Akanitazama kwa muda.

"Ndoo," akaniita nisogee. "Huo si ukili? Wasuka mrefu, kisha washona ukingo kwa ukingo, wapata mkeka. Washangaa nini?"

Nikatazama ukili uliojikunja miguuni pake, pima kadhaa, bado haujawa mkeka wala kitu. Nimelala juu ya mikeka yake tangu kuzaliwa.

Nikarudi kwenye mto. Nikachomoa pini moja ya ukingo wa zamani, nikaingiza sindano ya kroshia kwenye tundu lake, nikavuta uzi mmoja wa jozi inayotembea, ile inayokwenda na kurudi kati ya nyingine, mpaka ukatoka kitanzi. Nikapitisha kijiti cha pili cha jozi hiyo ndani ya kitanzi, nikavuta nyuzi zote mbili, nikarudisha pini. Utepe ukashikana na utepe. Mwalimu akapiga makofi mara moja, akanyamaza, akaniacha niendelee. Nilipofika muunganisho wa nne, Nyanya akaja, akainama, akapitisha ukucha kwenye maungio moja moja.

"Hapa kaza zaidi," akasema.