Wadada wa vyuo vya Marekani na ule mgao wa dola milioni 20

Jamani hii ishu ya mgao wa hela kwenye michezo ya vyuo vya Marekani inaniuma kuliko nilivyotegemea. Kwa ambao hamjaifuatilia, tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken alipitisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya kule, na kuanzia Julai 1 chuo kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, kama dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza ndio mwisho. Miaka yote watoto wa watu walikuwa wanacheza kwa skolashipu tu huku makocha wanaondoka na mamilioni, kwa hiyo nilifurahi kabisa. Halafu nikaona wanavyogawa.

Mgao uliozoeleka kwenye vyuo vikubwa ni hivi, asilimia 75 futiboli (ile ya Kimarekani, sio soka), 15 basketi ya wanaume, 5 basketi ya wanawake, na hiyo 5 iliyobaki wanagombania wengine wote, voliboli, kuogelea, riadha, yaani wote. Na wala sio sheria, vyuo vimeiga tu hesabu ya zile fidia za wachezaji wa zamani kwenye kesi hiyohiyo, dola bilioni 2.8 kwa miaka 10, ambazo nazo karibu zote zinaenda kwa wanaume. Wachezaji wadada 8 walikata rufaa mwezi uleule wakisema fidia hiyo inavunja Title IX, sheria ya tangu 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia kwenye elimu, na mimi nipo upande wao mia kwa mia.

Ukiuliza unaambiwa eti futiboli ndio inayoingiza hela. Sawa, inaingiza, sibishi. Lakini wadada waliachiwa lini nafasi ya kuingiza? 2021 kule San Antonio kwenye mashindano ya basketi ya wanawake ya NCAA, Sedona Prince, mchezaji wa chuo cha Oregon, alirekodi ile video ya jimu yao, kastendi kamoja tu ka dambeli kwa ajili ya timu zote za mashindano, wakati wanaume wamejaziwa ukumbi mzima wa vyuma. Wakaambiwa shida ni nafasi, Sedona akageuza simu, ukumbi mtupu kabisa pembeni ya uwanja wao wa mazoezi. Hata March Madness, jina maarufu la mashindano hayo ya basketi, wanawake walianza kulitumia 2022. Timu ya wanaume ikishinda kwenye yale mashindano hela inaingia, ya wanawake ilikuwa haiingizi hata senti mpaka 2025. Na haki zao za TV miaka nenda rudi zimeuzwa kwenye fungu moja na michezo mingine kibao, sasa nyanya yako nzuri ukiifukia chini ya fungu utajuaje bei yake?

Walipopewa nafasi kidogo tu, tuliona. Fainali ya basketi ya wanawake ya 2024, South Carolina ya kocha Dawn Staley na Iowa ya mchezaji Caitlin Clark, ilitazamwa na watu karibu milioni 19, ya wanaume kesho yake haikufika hata milioni 15. Chuo cha Nebraska nao Agosti 2023 walijaza watu 92,003 uwanjani kutazama voliboli ya wadada, voliboli!!

Labda inaniuma hivi kwa sababu nilicheza netiboli sekondari. Kila wavulana wakinunuliwa jezi mpya sisi tunapewa zile za zamani, yangu ilikuwa namba 9, mabega yananidondoka, naibana na pini mgongoni na pini ikinichoma narudi kucheza hivyohivyo. Tukiuliza tunaambiwa wavulana ndio wanaoleta kombe. Na sisi kwenye mashindano hatukupelekwa hata mara moja, nauli haikuwepo.

Na hii inawagusa mpaka dada zetu wa huku kwetu. Doris Lemngole, Mkenya aliyekuwa anakimbia kwa jina la chuo cha Alabama, Juni 2025 pale Eugene alikimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji kwa 8:58.15, mwanafunzi wa kwanza wa vyuo vya Marekani kushuka chini ya dakika 9. Wakenya wengi wako kule kwa viza ya mwanafunzi, ambayo inabana sana mambo ya kulipwa, kwa hiyo hata hicho kidogo kikifika kwenye riadha wao kukishika ni mtihani. Dakika 8 na sekunde 58, na kwenye karatasi ya mgao mchezo wake upo kwenye "wengineo".