Siku moja maishani mwangu: fundi wa ndege, Malindi, na alama 11 kwenye lami

Saa 11:40 alfajiri. Nimeswali, nimekunywa chai ya tangawizi, na mahamri mawili na mbaazi za mama jirani yamenishika vizuri tumboni. Nje kusi limeshaanza kutikisa minazi. Kusi likiamka mapema hivi najua kufika saa nne litakuwa halina adabu.

Saa 12:20 niko bandani. Watu hudhani fundi wa ndege hushinda amelala chini ya injini. Huku pwani nusu ya kazi ni kupigana na chumvi. Upepo unaileta usiku, inakaa kwenye nati na bawaba, na wiki mbili za uvivu zinatosha kuona kutu. Kwa hiyo kwanza kitambaa na maji baridi, spana baadaye. Kisha nakinga mafuta kidogo kutoka kila tangi kwenye kikombe cheupe. Mafuta ya hizi ndogo ni ya buluu, na maji hayachanganyiki nayo: yakiwemo hukaa chini kama shanga. Leo hayamo. Nachungulia pia ndani ya kifuniko cha injini, maana ndege hupenda kujenga ndani ya ndege. Mwezi uliopita nilitoa majani ya kujaza ndoo.

Saa 1:30 mwanafunzi anafika. Kijana wa Mambrui, mpole, kitabu chake cha saa za kuruka anakishika kwa mikono miwili kama msahafu. "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu. Leo peke yako?" "Peke yangu, mara ya tatu." Ndege ni Cessna 172, viti vinne, injini ya Lycoming ya silinda nne. Zimeundwa zaidi ya 44,000 tangu 1956, na wanafunzi wamezipiga chini kwa kila namna, nazo zinasamehe mengi. Mengi, si yote.

Saa 2:40 anaanza mizunguko. Anaruka kuelekea kusini, anakata kushoto juu ya bahari, anafuata ufuo hadi karibu na mdomo wa Sabaki pale maji ya mto yanapoipaka bahari rangi ya chai ya maziwa, anageuka, anarudi kutua. Mara ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu karuka kidogo kama mpira, akakaa. Mwalimu wake amesimama nje na redio ya mkononi, anasema, "Umeona? Anatua kila mara." Nikanyamaza. Sentensi hiyo ilinikaa vibaya.

Saa 4 na dakika chache. Nilikuwa nafunga plagi ya ndege nyingine, nikainua kichwa kwa sababu ya sauti. Ndege inayokuja na mwendo sahihi hunong'ona. Hii ilikuwa inapiga mluzi. Inatakiwa ipite uzio kwa noti 65 hivi, yaani kama kilomita 120 kwa saa. Yeye alikuwa juu ya hapo, na upepo ulishahamia ubavuni, unatoka baharini. Ikaelea, ikaelea, haitaki kukaa. Halafu magurudumu yote matatu yakagusa pamoja, ikaruka.

Hapo ndipo penyewe. Ndege ikiruka, pua inapanda na macho yanaona mbingu badala ya lami. Mkono, bila kumuuliza mwenyewe, unasukuma usukani mbele. Basi inashuka na pua kwanza, gurudumu la mbele linapokea uzito ambao halikuumbiwa, linairudisha juu zaidi ya mwanzo. Mkono unasukuma tena. Mruko wa kwanza unatia aibu tu, wa pili unaumiza, wa tatu unavunja. Dawa yake kila mwanafunzi anaikariri: mafuta yote, pua sawa, rudi juu, zunguka ujaribu tena. Mwalimu alikuwa akipiga kelele kwenye redio, "Rudi juu! Rudi juu!" Redio haina mkono.

Kishindo. Kisha mkwaruzo mrefu wa bati kwenye lami, kisha kimya, na kunguru wakaruka wote kwa pamoja.

Tulipofika, gari la zimamoto limeshasimama. Kijana yuko nje, mzima, vifaa vya masikio bado vimemning'inia shingoni. Mwalimu hakumuuliza ila mambo mawili: "Umefunga mafuta?" "Nimefunga." "Umeme?" "Nimezima." Akamshika bega. Mahali hapo nampa mwalimu heshima yake yote.

Simu yangu ikaanza. Kwenye makundi ya WhatsApp ndege "imeanguka Malindi", na mmoja keshaituma na picha ya ndege kubwa ya injini nne. Mke wangu: "Baba watoto, umzima?" Mzima, mimi nilikuwa na bisibisi tu.

Ndege ya abiria kutoka Nairobi ilikuwa inasubiri, inazunguka juu ya bahari, lakini mabaki hayaguswi mpaka wachunguzi wa ajali waseme. Waliposema kwa simu, maagizo yakawa: pigeni picha, pimeni, ndipo muondoe. Nikamwita mwanagenzi wangu na futi ya mkanda.

Alama za propela kwenye lami ni kama chale, nyembamba, zimekatwa mshazari. Kundi la kwanza zilikuwa tano, zimepishana karibu sentimita 75. Mbele yake, pale uma wa gurudumu ulipokatika, zilikuwa sita, zimepishana kama 40. Nikamfanyia mwanagenzi hesabu kwa chaki palepale. Noti 50 ni kama mita 26 kwa sekunde. Injini ikinguruma polepole, mizunguko 1,000 kwa dakika, propela ya mapanga mawili inapiga mara 33 kwa sekunde. Gawanya: unapata kama sentimita 77. Maana yake kwenye mruko wa pili injini ilikuwa bado imelala. Zile za 40 zinasema ilikuwa imeamka. Kijana alitia mafuta. Aliamua kurudi juu, ila mruko mmoja umechelewa, na kwa propela iliyokwisha kupinda. Lau ingepaa na propela ile, nisingekuwa na la kuandika leo ila la msiba.

Tukaukandamiza mkia, pua ikainuka, tukaiwekea toroli la mizigo chini, tukaisukuma watu wanane.

Saa 7 mchana, bandani. Ncha za propela zimejikunja kama ukucha. Bamba linalotenga injini na chumba cha rubani limekunjamana pale linaposhika mguu wa mbele, ribiti mbili zimelegea. Kijana anaangalia, anasema polepole, "Lakini injini haikuzimika, fundi." Nikamweleza: pigo la propela haliishii kwenye propela. Linapita kwenye krankishafti, mhimili mkuu wa injini, hadi gia ya nyuma, inayoshikwa na boliti moja na pini ndogo. Ile pini ikiwa imechanika, injini itanguruma vizuri bandani na kukatika juu ya hori ya Mida. Ndiyo maana baada ya pigo kama hili injini inafunguliwa, iwe ilizima au haikuzima.

Saa 9 nilimwambia mwalimu lililonikaa. Kwamba nimemsikia akimsifu mtoto kwa kutua, sijamsikia hata siku moja akimsifu kwa kurudi juu. Alikunja uso. "Fundi, wewe funga nati." Sawa. Baada ya robo saa akarudi na chai mbili.

Saa 10:30 naosha ile ndege nyingine, maana chumvi haijui ajali. Kijana akachukua kitambaa bila kuambiwa, akaanza na bawa la kushoto. Hatukuzungumza.

Saa 3 usiku, nimeshamaliza kuwajibu majirani wote, simu ikalia ujumbe. "Fundi, samahani. Zile alama za kwanza zilikuwa ngapi?"

"Tano," nikamjibu. "Lala."