Madoa ya Kibo

Jana jioni nilirudi nyumbani na picha tatu ndani ya bahasha ya kaki. Moja kati ya hizo sitaki tena ionekane ukutani kwa mtu yeyote, na ndiyo niliyokuwa nikiipenda kuliko zote.

Sisi ni watano. Hakuna anayeishi kwa kamera: mwalimu wa jiografia, muuguzi, fundi umeme, dereva wa watalii, na mimi ninayeshika daftari la hesabu kwenye duka la pembejeo mjini Moshi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana Kibosho, barazani kwa mwalimu, kila mmoja na picha tatu alizosafisha studio. Lazima ziwe za karatasi. Kwenye simu kila picha inapendeza, kwa sababu kioo kinatoa mwanga wake chenyewe na kidole kinapita haraka. Karatasi ikishalala mezani haina pa kujificha. Masharti yetu ni mawili tu. Mwenye picha anakaa kimya mpaka wengine wote wamemaliza. Na hakuna kusema "nzuri sana" ukaishia hapo. Useme jicho lako limevutwa na nini, na wapi limekwama.

Sharti la kukaa kimya lilinitesa miezi ya mwanzo. Nilitaka kueleza kwamba niliamka usiku, kwamba bodaboda iliharibika njiani, kwamba mvua ilininyeshea nikiwa nimeikumbatia kamera ndani ya khanga. Picha haibebi habari hizo. Mtu anaona kilichomo kwenye fremu, basi.

Jana tulianza na muuguzi, aliyeleta mbega wa msitu wa Rau. Mbega amekaa kwenye tawi, manyoya meupe ya mabegani yanaangaza, macho yana nuru. Dereva, ambaye kila siku yuko na wageni wenye malenzi marefu, aliitazama kidogo tu: "Mkia umekatwa." Kweli, ule mkia mrefu wenye kishada cheupe uliishia kwenye ukingo wa picha, kishada kikabaki nje. Muuguzi akafumba macho. Alikuwa ameangalia uso tu, kama tunavyofanya sote mnyama akitutazama. Dereva akamwambia wakati mwingine arudi nyuma hatua tatu kabla ya kubonyeza. Kupunguza utapunguza nyumbani, lakini kilichoachwa msituni hukipati.

Maporomoko ya Materuni ya fundi umeme yalituchukua muda mrefu zaidi. Aliweka kamera kwenye miguu mitatu, akaacha shata, kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, wazi sekunde mbili, maji yakatoka laini kama pamba. Watu wengi wanayapenda maji ya namna hiyo. Mimi nimesimama pale, nikalowa bila kuyagusa maji, na mwenzangu aliniita mara mbili nisimsikie kwa ngurumo. Kwenye picha ile sikusikia chochote. Nilimwambia ajaribu sehemu ya nane ya sekunde, ili nyuzi za maji zibaki zikionekana na nguvu yake ijulikane. Akasema atajaribu, ila aliona uchungu kidogo, na namwelewa.

Kisha ikaja zamu yangu.

Picha nilipiga Mabogini, kwenye majaruba ya mpunga, tarehe 18 Januari. Nilifika kukiwa bado giza. Wakulima walikuwa wamefungulia maji kwenye majaruba lakini hawajapandikiza, kwa hiyo shamba zima lilikuwa vioo vilivyotenganishwa na matuta. Nikachuchumaa kwenye tuta, kamera karibu kabisa na maji, nikangoja. Saa kumi na mbili na dakika kama ishirini, jua likiwa halijatufikia sisi huku chini, ncha ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro, ilishika rangi ya waridi. Rangi ikateremka polepole, kama mtu anayekunjua shuka. Yangeyange mmoja akatua upande wa kulia, akasimama kwa mguu mmoja. Hakukuwa na upepo. Mlima ulikuwa juu, na mlima ulikuwa miguuni pangu. Nilipiga picha kumi na saba, na mikono ilikuwa inatetemeka.

Nilipoifungua kwenye kompyuta niliumia. Kati ya Mabogini na kilele kuna hewa ya karibu kilomita 40, yenye vumbi, unyevu na moshi wa asubuhi. Lenzi haiwezi kuipenya hewa yote hiyo. Mlima nilioukumbuka uking'aa ulikuwa umefifia, wa samawati, kama uko nyuma ya chandarua. Nikaanza kuhariri. Nikaondoa ukungu. Nikaongeza weupe. Halafu nikachukua brashi ya programu, nikapaka juu ya kilele peke yake, nikaongeza tena. Kila nilipoongeza, ulifanana zaidi na ule uliokuwa kichwani mwangu. Nililala saa saba usiku nikiwa na furaha.

Mezani walianza vizuri. Mwalimu alisema tuta linaliongoza jicho mpaka mlimani bila kulisukuma. Muuguzi alimpenda yangeyange. Fundi aliona upeo wa macho umeinamia kushoto kidogo, na alikuwa sahihi. Nilikaa kimya, moyo umejaa.

Babu, baba yake mwalimu, huwa anakaa pembeni ya baraza na ungo wake. Ana miaka zaidi ya themanini. Jana alikuwa anachambua maharage, na sikudhani anatusikiliza.

"Nipe hiyo ya mlima, mwanangu."

Nikainuka, nikampelekea kwa mikono miwili. Akajifuta vidole kwenye shati, akaishika picha kwa kingo, akaisogeza mbali na macho, akaielekeza kwenye mwanga wa nje.

"Umeipiga lini hii?"

"Mwezi wa kwanza, Babu."

"Wa mwaka huu?"

"Ndiyo, Babu. Tarehe kumi na nane."

Akanyamaza. Kisha akaweka ukucha wa kidole kidogo juu ya kilele, upande wa kushoto. "Hapa ni jiwe." Akausogeza. "Na hapa ni jiwe. Mwezi wa kwanza kulikuwa na jiwe, naliona kila asubuhi nikitoka nje. Theluji hii umeitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Brashi yangu haikujua kutofautisha mwamba wa kijivu na barafu. Ilipaka vyote, na mimi nilikuwa natazama uzuri tu.

Babu hakugomba. Aliniambia kwamba Kibo ni Kipoo, na kwa Kichagga chao maana yake ni chenye madoa, kwa sababu ya miamba inayojitokeza katikati ya weupe. "Sasa umefuta madoa," akasema, "utauitaje?" Halafu akamtuma mjukuu ndani.

Mtoto akarudi na picha ya harusi iliyokuwa imetundikwa sebuleni. Nyeusi na nyeupe, mwaka 1968, imekunjika katikati, kona moja imeliwa na unyevu. Babu kijana amevaa suti iliyompwaya, marehemu Bibi ameshika maua, na mpiga picha amewasimamisha uwanjani kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga. Nyuma yao, juu ya migomba, umetokea mlima. Hakuna aliyeukusudia. Lenzi ilikuwa inawatazama maharusi, na mlima umefifia hasa. Lakini barafu inaonekana ikiteremka kwenye bega la mlima kama ndimi, chini sana kuliko ninavyoiona mimi leo. Tuliizunguka picha ile sote watano, tukasahau zetu. Mwalimu alitoa kioo cha kukuzia anachotumia kusomea ramani, akamkabidhi kila mmoja kwa zamu.

Yeye huwafundisha wanafunzi wake tarakimu zake: mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 11.4, na mwaka 2011 zilibaki kama 1.76. Hewa ya huko juu imekuwa kavu zaidi tangu mwisho wa karne ya 19, theluji mpya ya kuifunika barafu ya zamani ikapungua, na joto la dunia likaongezea. Sehemu kubwa ya barafu haitiririki hata kuwa maji. Jua linaigeuza mvuke palepale. Tarakimu hizo nilikuwa nimewahi kuzisikia. Sikuwa nimewahi kuziona juu ya bega la bibi harusi.

Usiku nilimkumbuka Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona mlima huu Mei 1848 akaandika kwamba una theluji. Wapo wanajiografia wa Ulaya waliomkatalia; theluji karibu na ikweta hawakuiamini. Hakuwa na picha, alikuwa na neno lake tu. Neno lake lilikuwa kweli.

Dereva aliniambia tukiwa tunashuka kwamba nisijilaumu, kila mtu anaongeza chumvi, na wageni wake wanataka mlima mweupe kama ule wa kwenye mabango. Nampenda dereva, ila hapo sikubaliani naye. Nitaendelea kunyoosha upeo uliopinda. Nitaendelea kupunguza ukali wa anga ili mawingu yaonekane, maana jicho liliyaona na kamera ndiyo iliyoshindwa. Doa la vumbi kwenye lenzi nitalifuta. Hata nikiamua kuifanya picha iwe nyeusi na nyeupe, hakuna atakayedanganyika. Lakini barafu ya Kibo si yangu kuiongeza. Mtoto wa yule mjukuu akija kuitazama picha yangu mwaka 2080, huenda akaweka ukucha palepale alipoweka Babu, na mimi sitakuwepo kujibu.

Leo baada ya ibada nimekaa nayo tena, nikaanzia kwenye faili ghafi. Upeo nimeunyoosha. Ukungu nimeupunguza kidogo, kwa picha nzima, bila brashi. Mlima umefifia, ni wa samawati, na madoa yake yapo: jiwe, barafu, jiwe. Nimeitazama muda mrefu kuliko nilivyoitazama ile ya kwanza. Kuna kipande chembamba cha barafu upande wa kushoto ambacho brashi ilikuwa imekimeza, sikujua hata kama kipo.

Kesho nitaipitisha studio, nisafishe mbili. Moja ya Babu. Nyuma yake nitaandika kwa penseli, maana wino unapenya karatasi: Mabogini, 18 Januari 2025, saa 12:24 asubuhi, haijaongezwa weupe.